UZI: Iafoni zisizo na waya, tunazinunua kwa ajili ya nini hasa hapa Dodoma?

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Mijadala ya iafoni na hedifoni zisizo na waya huanza na kuishia kwenye swali moja, nalo ni iwapo sauti yake inaifikia ile ya waya. Swali hilo ni halali, na nitaligusa huko mbele, lakini halituelezi kwa nini watu wanazinunua. Simu nyingi za bei ya kawaida tunazotumia hapa mjini bado zina tundu la waya, na iafoni ya waya hupatikana kwa fedha ambayo haimuumizi mtu. Hakuna aliyetulazimisha. Hata hivyo, ukipanda daladala ya asubuhi kwenda Mtumba utaona waya zimepungua masikioni mwa abiria, na sidhani kama wale waliozivua walikuwa wanatafuta sauti bora zaidi.

Walichotafuta, kwa maoni yangu, ni muda. Usikilizaji wa waya ulimtaka mtu awe ametulia, au angalau awe anatembea bila kazi nyingine. Usio na waya humfuata mtu hata akiwa na kazi mikononi, na saa za namna hiyo ndizo nyingi katika siku ya mtu wa kawaida: anaosha vyombo, anasonga ugali, anadeki, anashona, anapanga bidhaa dukani. Kama hicho ndicho tunacholipia, basi hata namna ya kuchagua inapaswa kubadilika. Tuangalie kwanza jinsi kifaa kinavyokaa sikioni, betri yake, uwezo wake wa kustahimili vumbi na uimara wa muunganisho, kisha takwimu za sauti zifuate nyuma.

Chukueni mfano wa shamba la zabibu kule Hombolo au Mpunguzi. Kwa kuwa hapa kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kazi ya kupogolea nayo hujirudia. Mpogoleaji huinama, hupenyeza mkono kati ya matawi, hukata, huvuta tawi lililokatwa na kulitupa nyuma yake. Waya unaotoka mfukoni hadi sikioni hupita mahali pale pale ambapo mikono yote miwili inafanya kazi. Kisiki kidogo cha tawi kikishaunasa, ama iafoni huchomoka sikioni, ama simu hutoka mfukoni na kuangukia kwenye udongo, na mtu akishasumbuliwa hivyo kwa muda huamua kufanya kazi kimya. Sasa mpe mtu huyo huyo iafoni mbili ndogo zilizokaa vizuri masikioni, simu aiache kwenye kikapu chini ya mti ulio hatua chache kutoka kwenye mstari anaoupogolea. Atasikiliza kwaya yake tangu asubuhi hadi chaji iishe.

Kihistoria, waya umekaa nasi muda mrefu kuliko wengi tunavyodhani. Sony ilipoingiza sokoni Walkman ya kwanza, kile kicheza kaseti cha kubebeka, tarehe 1 Julai 1979, muziki ulianza kutembea na mtu, lakini kwa kufungwa kwenye kifaa. Kaseti zikapita, zikaja CD, vikaja vicheza MP3, kisha simu, na waya ukabaki vile vile. Teknolojia ya Bluetooth yenyewe ilianza kufanyiwa kazi na kampuni ya Ericsson huko Lund, Uswidi, mwaka 1994, na mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba zikaunda umoja wa kuisimamia. Miaka mingi ya mwanzo sisi tuliijua kama njia ya kurushiana picha na nyimbo kati ya simu na simu. Mageuzi makubwa upande wa masikio yalikuja Septemba 2016, Apple ilipotangaza iPhone 7 isiyo na tundu la waya na siku hiyo hiyo ikatangaza AirPods, iafoni zake zisizo na waya, ambazo ziliingia sokoni Desemba ya mwaka huo. Kampuni nyingine zilicheka kwanza, kisha zikafuata.

Kuna tabia moja ya vifaa hivi ambayo watu wa Dodoma tunaiona zaidi, na wengi huidhania kuwa ni ubovu. Iafoni inacheza vizuri chumbani bila kukatika hata kidogo, lakini ukitoka nayo kwenye uwanda mpana, tuseme unavuka Nyerere Square au unatembea kwenye barabara mpya za Mtumba ambako majengo yamekaa mbalimbali, sauti ya upande mmoja inaanza kukatikakatika. Sababu yake ni hii. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi ya masafa hayo hufyonzwa kwa urahisi na maji, ilhali mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma upande wa kulia na iafoni inayopokea ikiwa sikio la kushoto, mwili wako wote umekaa katikati. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga ukuta, dari na kabati, yakarudi na kulifikia sikio kwa njia nyingine. Uwanjani hakuna cha kuyarudisha, kwa hiyo kinachobaki ni kile kidogo kilichopenya mwilini. Hamishia simu mfuko wa shati au wa mbele, upande ule unaokatika, na mara nyingi tatizo huisha bila kumwona fundi.

Stendi na ofisini hali ni nyingine, kwa sababu Wi-Fi nyingi nazo hutumia masafa hayo hayo. Bluetooth ya kawaida hujikinga kwa kuyagawa masafa yake katika njia 79 na kuruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imejifunza kuzikwepa njia zenye msongamano. Ndiyo maana abiria kumi ndani ya basi moja wanaweza kusikiliza nyimbo kumi bila kuingiliana.

Sasa sauti. Muziki wa CD hubeba takribani kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kabla ya kuurusha hewani, simu huubana kwa kutumia kodeki, yaani utaratibu wa kubana sauti na kuifungua tena. Ile ambayo kila kifaa cha Bluetooth cha kusikilizia muziki hulazimika kuwa nayo inaitwa SBC, na kwa kawaida ukomo wake ni kama kilobiti 328. Zipo AAC na aptX, na ipo LDAC ya Sony inayofika 990 mazingira yakiruhusu, ila simu na iafoni zote mbili lazima ziwe nayo, la sivyo vifaa vitarudi kwenye kodeki nyingine, hata SBC, bila kukuambia. Je, tofauti inasikika? Kwa muziki mwingi unaochezwa kutoka mtandaoni, ambao tayari umeshabanwa kabla haujakufikia, ni ndogo. Kwa baadhi ya muziki ipo, na mfano ninaoupenda ni wa nyumbani. Sikilizeni rekodi za marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, hasa pale anapopiga ilimba, ile marimba ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba. Chombo hicho kina tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa buibui, ambao hutikisika kila ufunguo unapobonyezwa na kuiongezea noti mvumo mkali wa juu. Kwa waya mzuri, sikio langu huusikia mvumo ukikaa pembeni ya noti, vitu viwili vinavyotembea pamoja. Kwa iafoni ya bei ya chini inayotumia SBC, vyote viwili huyeyukia katika ukungu mmoja, na marimba inabaki lakini ile hali ya kuwa nayo chumbani inapotea. Anayesikiliza muziki wa namna hiyo usiku, ametulia, abaki na waya wake na wala asione haya.

Lakini sikilizeni wimbo huo huo ndani ya basi kutoka hapa kwenda Dar es Salaam, njia ya takribani kilomita 450, injini ikinguruma chini ya viti. Tofauti ya kodeki humezwa yote. Hapo kinachosaidia ni iafoni inayoziba sikio vizuri, na kwa mwenye uwezo, ile inayopunguza kelele yenyewe: maikrofoni ndogo husikiliza mngurumo wa nje, na spika hutoa wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yafutane. Amar Bose alipata wazo la hedifoni ya namna hiyo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, na ndege inaeleza mengi, kwa sababu mfumo huu hufanya kazi dhidi ya mngurumo mzito usiobadilika. Injini ya basi na feni vinafutika kiasi kikubwa. Mtoto anayelia kiti cha nyuma, au kondakta anayetangaza vituo, hafutiki, na muuzaji akikuambia utapata ukimya mtupu anakutania. Kwenye treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, kelele yenyewe ni ndogo kiasi kwamba sioni haja kubwa ya kulipia huduma hiyo.

La mwisho kwa leo ni vumbi. Kwenye maboksi mengi utaona IPX4 na muuzaji atakuambia haiingii maji wala vumbi. Herufi na tarakimu hizo zina mpangilio: ya kwanza baada ya IP ni vumbi, ya pili ni maji. X maana yake kifaa hakikupewa daraja lolote upande huo. Kwa hiyo IPX4 inakuhakikishia michirizi ya maji na jasho, na kuhusu vumbi haikuambii neno. Kwa mji wenye pepo kama za hapa kwetu kuanzia Juni hadi Septemba, tafuteni iliyoandikwa IP54 au IP55. Mtu wa Tanga anaweza kulipuuza hili, sisi hatuwezi.

Nakaribisha wenye uzoefu, hasa mafundi na wanafunzi.

Mzee wa Kikuyu

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma hadi mwisho. Kuhusu shamba sina ubishi. Hata hivyo umeuruka upande mmoja ambao kwa watu wa umri wangu ndio wenye uzito, nao ni redio. Katika simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa iafoni ndio antena. Ukiuchomoa, redio hukuandikia uchomeke iafoni kwanza. Hizi zenu hazina waya, kwa hiyo mtu hulazimika kuifuata redio kupitia intaneti, ambayo hula bando na ambayo ukishatoka mjini kuelekea vijiji vya Bahi inaanza kusuasua. Redio ya FM hailipiwi bando, na mechi ya Simba na Yanga huisikiliza yote bila wasiwasi. Zaidi ya hapo, nimeona vijana wakisikiliza mpira kwa njia ya intaneti na kuruka kushangilia bao ambalo sisi wenye redio tulishalishangilia, tukakaa chini na kuanza kulijadili.

Waya pia hauna chaji ya kuisha. Na kuna jambo jingine dogo ambalo nyinyi vijana mtalicheka. Walkman uliyoitaja ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja. Sisi wengine ndivyo tulivyoanza kufahamiana na wake zetu.

Binti Chimwaga

Shikamoo Mzee wa Kikuyu, na salaam kwa wengine wote.

Mimi ni mwanafunzi, na ninakubali kwamba mvuto wake mkubwa ni kufanya mambo mengine huku nikisikiliza. Ninafua, ninapika kwenye jiko la umeme, ninapanga chumba, na simu iko kwenye chaji ukutani muda wote, jambo ambalo kwa waya lisingewezekana. Lakini nina maswali mawili yanayonisumbua, na naomba anayejua anieleze sababu yake.

La kwanza, ninapocheza gemu, mlio huja baada ya kitendo, ilhali nikiangalia video kwa simu hiyo hiyo na iafoni hizo hizo, midomo na maneno vinaendana sawasawa. La pili, muziki unasikika vizuri, lakini mara tu ninapoingia kwenye mazungumzo ya sauti ya kikundi cha masomo, kila kitu kinageuka na kusikika kama kinatoka ndani ya debe. Nikitoka kwenye mazungumzo, sauti inarudi kama kawaida. Je, nimeuziwa feki?

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Mzee wangu, hoja ya redio ni nzito na naikubali yote. Mwenye simu ya FM asiutupe waya wake. Kuhusu bao lililochelewa, niseme tu kwamba lawama kubwa si ya iafoni. Bluetooth huichelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa kawaida kama robo au pungufu ya hapo. Matangazo ya intaneti ndiyo yanayoweza kuchelewa kwa makumi ya sekunde, kwa kuwa hukusanywa na kuhifadhiwa kidogo kidogo kabla ya kuchezwa.

Dada wa Chimwaga, hiyo robo ya sekunde ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Sauti lazima ibanwe, irushwe, ihifadhiwe kidogo ili isikatike, kisha ifunguliwe. Programu ya video inajua ucheleweshaji huo, hivyo huishikilia picha nayo ichelewe kiasi hicho hicho, na wewe huoni kitu. Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu haijui utabonyeza nini na lini. Baadhi ya iafoni zina hali maalumu ya gemu inayopunguza pengo hilo, lakini kwa mchezaji wa kweli waya bado ni mfalme.

La pili halihusiani na feki. Bluetooth ya kawaida ina taratibu mbili tofauti. Mmoja ni wa muziki, ambao huleta sauti kwako tu, ikiwa na ubora wote. Mwingine ni wa mazungumzo, ambao lazima upeleke sauti yako na kuleta ya wenzako kwa wakati mmoja, kwa hiyo huipunguza ili pande zote mbili zienee. Maikrofoni ya iafoni ikiwashwa, simu huhamia utaratibu wa pili, na chochote kinachochezwa wakati huo hushuka nacho. Ukitaka kusikiliza wenzako kwa sauti safi, angalia kama programu unayotumia inaruhusu kuchagua maikrofoni ya simu yenyewe badala ya ile ya iafoni. Mfumo mpya wa Bluetooth uliotangazwa mwaka 2020, wenye kodeki inayoitwa LC3, umekuja kulitibu tatizo hili, ila unahitaji simu na iafoni zote ziwe mpya.

Fundi wa Majengo

Nimeitwa, nimefika. Natengeneza simu na vifaa vyake hapa Majengo, na nitasema yale ninayoyaona mezani kwangu.

Wateja wengi huja na lalamiko moja: upande mmoja hausikiki, au unasikika chini. Mteja ameshaamua kuwa spika imeungua. Mimi huanza kwa kukiangalia kile kiwavu kidogo cha chuma kilicho mdomoni mwa iafoni. Mara nyingi sana nakikuta kimezibwa na nta ya sikio iliyochanganyika na vumbi, imekauka na kuwa ngumu. Vua kimpira, ishike iafoni ikiwa imeangalia chini ili uchafu usiingie ndani, kisha sugua taratibu kwa mswaki laini mkavu. Msitumie sindano, kwa kuwa ikikitoboa kiwavu uchafu utaingia hadi kwenye spika yenyewe, na hapo hakuna fundi. Msiloweke kwa spiriti. Kama upande mmoja hauwaki kabisa, angalieni vile vidoti vya chuma vya kuchajia, kwenye iafoni na ndani ya kikasha. Vikiwa na uchafu, iafoni hukaa kikashani usiku kucha bila kuchaji, nawe unadhani imekufa. Vifuteni kwa kitambaa kikavu.

Kinachoua vifaa hivi kweli kweli ni betri. Simu yako ina betri ya kama mAh 5,000, lakini iafoni moja ina mAh 40 hadi 60 hivi, maana hakuna nafasi ya zaidi. Betri za lithiamu hupungua nguvu kadiri zinavyochajiwa, na baada ya mizunguko kamili 300 hadi 500 hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Kwa mtu anayesikiliza kutwa, mizunguko hiyo hupita haraka kwa sababu kila anapoirudisha kikashani huchajiwa tena. Joto huharakisha mambo. Anayeacha kikasha juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani anaifupisha betri kwa mikono yake mwenyewe. Na mtu anayetumia upande mmoja tu kwa ajili ya simu za ofisini ataona upande huo unachoka mapema, kwa hiyo abadilishe, leo kulia, kesho kushoto.

Je, betri hubadilishwa? Hedifoni kubwa za kufunika masikio, nyingi zinafunguka na betri yake inapatikana. Zile ndogo zimegundishwa kwa gundi. Kuifungua bila kuivunja ni kazi, na ukifanikiwa, haizuii tena jasho kama mwanzo. Mimi humwambia mteja ukweli kwamba gharama yangu itakaribia bei ya mpya. Wenye waya mnacheka, najua. Waya uliokatika karibu na pini naukata, naulehemu, na mtu anaondoka.

Kuhusu feki, nitoe njia moja tu, kwa kuwa nyingine zote watengenezaji wa kopi wameshazijua. Zipo kopi ambazo ukizifungua karibu na simu, picha huibuka kwenye skrini kama ya orijino. Hiyo haithibitishi kitu. Lakini karibu kila boksi siku hizi limeandikwa kuwa kifaa kinapunguza kelele, na hilo mnaweza kulipima dukani. Zivae bila kucheza muziki, simama karibu na feni au jenereta, kisha washa na kuzima hiyo huduma. Kama ni ya kweli, mngurumo utashuka na kupanda wazi wazi. Kopi nyingi zitakutangazia kwa sauti nzuri ya Kiingereza kwamba huduma imewashwa, na feni itaendelea kuvuma vile vile.

Mama Nkuhungu

Fundi, asante, umenipunguzia kazi ya kumgombeza muuza duka. Mimi naomba tuliongelee na sikio lenyewe.

Kwa kuwa vitu hivi havichoshi na havinasi mahali, vijana wetu wanavivaa tangu wanaamka hadi wanalala, na hapo ndipo ule uzuri unaousifu, kaka wa Ilazo, unapogeuka kuwa hatari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha usikivu wake. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Kwa desibeli 100 ni dakika 20. Kwa watoto kiwango cha kuanzia ni desibeli 75. Mwanangu husikiliza akiwa kwenye daladala, na ili aushinde mziki wa gari pamoja na injini, anaupandisha wake hadi mimi niliyekaa pembeni naujua wimbo. Sikio halioti upya. Vile vinyweleo vya ndani vinavyopokea sauti vikishakufa, havirudi.

Pili, bodaboda. Nimepanda boda kwenda Area C nyuma ya kijana aliyevaa iafoni zote mbili chini ya helmeti. Lori lilipiga honi nyuma yetu, nikasikia mimi tu. Nilimwambia asimame, nikashuka, nikamlipa, nikatafuta nyingine.

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Mama, yote mawili nayapokea, na la boda sina la kuongeza.

Kuhusu mwanao, tatizo la daladala ni kwamba iafoni isiyoziba sikio humlazimisha mtu kushindana na kelele. Kwenye boksi huwa kuna vimpira vya saizi tatu, na wengi huacha vile vya kati vilivyokuja vimevishwa bila kujaribu vingine. Kimpira kinachoenea vizuri hupunguza kelele ya nje kabla hata hujawasha kitu chochote, na besi nayo huongezeka, hivyo mtu hujikuta anashusha sauti mwenyewe. Simu nyingi pia zina sehemu ya kuweka ukomo wa sauti kwenye mipangilio. Mwekee, na kama ni mdogo, mwekee nywila.

Kwa wanaotembea kwa miguu, iafoni hizi zina faida moja ambayo waya hauna: kila upande unafanya kazi peke yake, na ukiutoa mwingine simu huchanganya sauti za kulia na kushoto ili wimbo usipungue kitu. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, lile linalokufikia kwanza unaposhuka kwenye ukingo kuvuka hutokea kulia kwako. Kwa hiyo, anayevuka barabara ya Dar es Salaam pale Ihumwa au popote penye malori, aache sikio la kulia wazi.

Mzee wa Kikuyu

Marahaba binti wa Chimwaga, nilichelewa kukuitikia.

Mimi redio yangu siiachi. Lakini mama yenu ana robo ekari ya zabibu Mpunguzi, na amekuwa akilalamika kuhusu huo huo waya kunasa kwenye matawi. Fundi, Jumamosi nitapita hapo Majengo kabla ya kwenda dukani. Nataka isiyo na mbwembwe, ihimili vumbi, na isimdondoke akiinama.

Fundi wa Majengo

Karibu sana mzee. Njoo na mama mwenyewe kama inawezekana, kwa sababu sikio la mtu halikadiriwi kwa simulizi. Avae, ainame, atikise kichwa, atafune kitu, kisha ndiyo ulipe. Kwa kazi ya kuinama kutwa ningeangalia zile zenye kindoano cha kupita juu ya sikio, maana hata kimpira kikilegea kwa jasho haidondoki. Na simu yake nayo aje nayo, tuiunganishe hapo hapo na kuiweka umbali ule atakaouacha shambani, tuone kama inashika.